Kadi ya bima mkononi, bili mlangoni: mwongozo wa matibabu kwa mwanafunzi mgeni Marekani

Wiki ya tano tangu nifike Marekani kusoma, nilijikata kiganja nikivunja nazi. Panga sina, mbuzi sina, nikaona kisu cha mkate kitafaa. Hakikufaa. Mwenzangu wa chumba alinikimbiza hospitali usiku uleule, nikashonwa nyuzi nne, nikadungwa sindano ya pepopunda, nikarudi kulala. Mapokezini nilikuwa nimetoa kadi ya bima. Yule dada akaitoa kopi mbele na nyuma, akanirudishia huku anatabasamu. Kwa mazoea ya kadi ya NHIF ya nyumbani, ambapo ukishaonyesha kadi na kusaini fomu unajiendea zako, nikajua shauri limekwisha.

Wiki tatu baadaye ikaja bahasha ya hospitali: dola 1,460. Siku nne mbele ikaja nyingine, ya daktari: dola 612. Daktari yuleyule, chumba kilekile, nyuzi zilezile nne.

Bahasha hizo ziliishia wapi nitasimulia mwishoni. Kwanza ulijue hili, maana ndilo lililonichanganya: bima ya Marekani si ya kulipiwa, ni ya kugawana. Kila bili inakatwa vipande, kimoja cha kampuni ya bima, kimoja chako, na kanuni za kukata zimeandikwa kabla hujaugua. Anayezisoma akiwa mzima analala. Anayezisoma akiwa na bahasha mkononi ni mimi.

Hatua ya 1: Kabla hujapanda ndege

Anza na meno na macho. Bima nyingi za wanafunzi hazigusi meno ya mtu mzima wala miwani, au zinauza kinga hiyo kando. Jino linalokusumbua lizibwe Dar, Nairobi au Bujumbura, na miwani tengeneza jozi mbili.

Kisha chanjo. Vyuo vingi vitakudai uthibitisho wa dozi mbili za chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela kwa pamoja. Hapa ndipo wengi wetu tunapokwama: chanjo ya kawaida ya watoto kwetu ni ya surua, na miaka ya karibuni ikaongezwa rubela, lakini matumbwitumbwi haimo. Kadi yako ya kliniki, hata kama mama aliitunza kama hati ya kiwanja, huenda isitoshe. Uliza mapema hospitali inayotoa chanjo zote tatu, upate dozi ya kwanza nyumbani na ya pili siku 28 baadaye au zaidi. Ukichelewa, utachanjwa chuoni kwa bei ya huko, na kuna vyuo vinavyokufungia usajili wa masomo mpaka karatasi ikamilike.

Kama unatumia dawa kila siku, iwe ya presha, pumu, selimundu, kisukari au ARV, beba ya miezi mitatu. Iache kwenye chupa au boksi lake la asili, na uwe na barua ya daktari kwa Kiingereza yenye jina la kitaalamu la dawa, maana jina la biashara la kwetu huenda halijulikani kule. Na kwa anayeishi na virusi vya Ukimwi: marufuku ya kuingia Marekani iliondolewa Januari 2010, kwa hiyo asikutishe mtu.

Hatua ya 2: Jua visa yako inataka nini

Watu wanachanganya F-1, visa ya mwanafunzi wa kawaida, na J-1, visa ya programu za kubadilishana. Kwa F-1, serikali ya shirikisho haikulazimishi kuwa na bima. Anayekulazimisha ni chuo, na karibu kila chuo kina masharti yake. Kwa J-1 ni sharti la visa lenyewe, na viwango vimeandikwa: angalau dola 100,000 kwa kila ajali au ugonjwa, dola 50,000 za kusafirishwa kurudishwa kwenu kwa matibabu, dola 25,000 za kusafirisha mwili ukifariki, na kiasi unachoanza kulipa mwenyewe kisizidi dola 500 kwa kila ajali au ugonjwa. Mke, mume na watoto wanaokufuata kwa visa ya J-2 wanahesabiwa humohumo. Ukiacha bima makusudi, programu yako inasitishwa.

Hiyo ya kusafirisha mwili hakuna anayependa kuisoma. Lakini aliyewahi kuwa kwenye kundi la WhatsApp la Watanzania au Wakenya wa jimbo lolote anaijua michango ya msiba: orodha inaanza saa mbili usiku, kila mtu anaweka jina na kiasi, na siku zinapita mwili bado uko mochwari. Wewe wa F-1 angalia kama bima ya chuo inayo. Kama haina, inauzwa peke yake kwa bei ndogo.

Hatua ya 3: Bima ya chuo, au utafute ya nje?

Mara nyingi ada ya bima inaingizwa moja kwa moja kwenye ankara ya muhula. Kwa vyuo vingi ni dola elfu mbili, tatu, nne kwa mwaka, hela ambayo ukiibadilisha kwa shilingi unaweza kukaa chini. Halafu ndugu mmoja wa mwaka wa tatu atakunong'oneza kwamba kuna ya nje ya dola 60 kwa mwezi, ujaze fomu ya kuomba chuo kikuondolee yake, weiva, na uwahi kabla ya tarehe ya mwisho, ambayo kwa kawaida huangukia wiki za mwanzo za muhula.

Sisemi usifanye. Ila nyingi ya hizo za bei ya chini zimejengwa kama bima ya msafiri. Hazilipii ugonjwa uliokuja nao, au zinasubirisha miezi. Zinaweka kikomo cha kulipa, ujauzito zinaukwepa, na magonjwa ya akili zinayagusa kwa ncha ya kidole. Bima ya chuo iliyojengwa kwa kufuata sheria ya afya ya mwaka 2010 haiwezi kukukatalia kwa sababu una pumu tangu utotoni, na inalipia kinga bila kukudai senti ukienda kwa watoa huduma wao: chanjo, kupima presha, kipimo cha shingo ya kizazi, dawa za uzazi wa mpango. Omba kijitabu cha masharti cha ile ya nje, na usianze na ukurasa wa faida. Nenda kwenye orodha ya visivyolipiwa. Kama orodha hiyo ni ndefu kuliko ya vinavyolipiwa, umeshapata jibu.

Andika pia tarehe ya mwisho ya bima, maana si lazima iwe tarehe ya mahafali. Wapo wanaomaliza Mei, wanaanza kazi ya OPT, ile ya mafunzo anayoruhusiwa mwenye F-1 baada ya kuhitimu, Julai, na bima ya chuo inakatika Agosti bila kuwaaga.

Hatua ya 4: Hesabu, kwa mfano wa kidole tumbo

Kuna maneno manne utakayokutana nayo kila karatasi. Didaktibo ni kiasi unachoanza kulipa wewe peke yako kila mwaka kabla bima haijatia mkono mfukoni. Koinshuransi ni asilimia unayoendelea kulipa baada ya hapo. Kopei ni kiingilio, kiasi maalumu unachotoa kila ziara, tuseme dola 25 kwa daktari wa kawaida. Na kikomo cha mfukoni ni ukuta: ukishalipa kiasi hicho ndani ya mwaka, bima inabeba yote yaliyobaki inayoyatambua.

Tuseme bima yako ina didaktibo ya dola 500, koinshuransi ya asilimia 20, na kikomo cha dola 3,000. Umeshikwa na tumbo, wamekuta kidole tumbo, wamekifanyia upasuaji. Hospitali inaandika dola 30,000. Usizimie. Hiyo ni bei ya ukutani, kama bei ya kwanza ya kanga pale Kariakoo kwa mtu aliyevaa kofia ya kitalii. Kampuni ya bima na hospitali zilishapatana zamani, na bei ya mapatano ni, tuseme, dola 12,000. Hesabu inaanzia hapo.

Unalipa 500 za kwanza. Zinabaki 11,500, na asilimia 20 yake ni 2,300. Jumla yako ni dola 2,800. Miezi miwili baadaye unateleza kwenye barafu, kifundo cha mguu kinavunjika (kama umekulia pwani, hili ni suala la lini, si la kama), bei ya mapatano ni 4,000. Didaktibo ulishaimaliza, kwa hiyo asilimia 20 ni 800. Lakini ulishalipa 2,800, na ukuta uko 3,000. Unalipa 200 tu, na kwa matibabu mengine ya mwaka huo wa bima hudaiwi tena.

Mfano huu wote unasimama juu ya sharti moja: hospitali na daktari wawe ndani ya mtandao wa bima yako, yaani wale waliopatana nayo. Nje ya mtandao hakuna mapatano, asilimia yako inapanda, na ukuta unaweza kusogezwa mbali au usiwepo. Tangu Januari 1, 2022 kuna sheria ya shirikisho dhidi ya bili za kushtukiza: ukiwa na bima kamili ukapelekwa kwa dharura hospitali isiyo ya mtandao, hudaiwi zaidi ya ambavyo ungedaiwa ndani ya mtandao. Ambulensi ya barabarani haimo kwenye sheria hiyo. Bima za muda mfupi hazimo pia.

Hatua ya 5: Ukiumwa, mlango upi?

Kosa langu la usiku ule wa nazi lilikuwa hapa. Nilikwenda mlango wa gharama kuliko yote.

Kituo cha afya cha chuo ndicho cha kwanza. Mara nyingi kumuona daktari ni bure au kopei ndogo, kwa sababu ulishalipa ada ya afya kwenye ankara. Mafua, vipele, maumivu ya mkojo, dawa zilizokwisha, vyote hapo. Kuna bima zinazodai kituo hicho kikupe rufaa kabla hujaenda kwa bingwa, na bila karatasi ya rufaa zinapunguza malipo.

Kituo kimefungwa, na unachoumwa hakiui? Tafuta kliniki ya haraka, ile yenye maandishi ya urgent care mlangoni. Inashona, inapiga eksirei, inapima mafua makali, haihitaji miadi, na nyingi ziko wazi jioni na wikiendi. Kiganja changu kingeshonwa hapo kwa sehemu ndogo ya bei, kama tungewahi kabla hawajafunga.

Idara ya dharura ya hospitali, wenyewe wanaiita ER, ni ya kifua kinachobana, kupumua kwa shida, damu isiyokoma, kupoteza fahamu, mdomo kwenda upande. Hapo usianze hesabu za didaktibo. Sheria ya EMTALA ya mwaka 1986 inazilazimu hospitali zenye idara hiyo na zinazopokea fedha za Medicare, bima ya serikali ya wazee, kukupima na kuituliza hali yako hata kama huna senti wala kadi. Bili itakuja, lakini hufukuzwi mlangoni. Nambari ya dharura ni 911. Ambulensi inaweza kukugharimu dola elfu moja na zaidi, ndiyo maana utaona wenyeji wakiita teksi kwa jambo dogo. Kwa moyo na kwa kiharusi, piga 911.

Na kuna ule ugonjwa usio na jeraha. Januari jua linazama saa kumi na moja jioni, nyumbani wanadhani unaishi peponi, na wewe hujatoka chumbani siku tatu. Vyuo vingi vina washauri nasaha, na vikao vya mwanzo huwa bure. Ukishapita miaka 18 hawampigii simu baba yako kumsimulia, labda maisha yawe hatarini. Usiku wa manane, piga 988, simu ya msaada kwa aliyezidiwa na mawazo.

Hatua ya 6: Mbele ya daktari

Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali ya shirikisho zinatakiwa kukupa mkalimani bila malipo. Kiswahili kipo, kwa simu au kwa skrini. Hata kama umepata alama nzuri kwenye TOEFL, kueleza kichomi, kiungulia na kizunguzungu kwa Kiingereza ukiwa na homa ni mtihani mwingine. Omba mkalimani wakati unaweka miadi. Mdogo wako wa miaka kumi asikufanyie kazi hiyo.

Joto litasomwa kwa Farenhaiti: 100.4 ndiyo 38 yetu, yaani homa imeanza.

Ukirudi kutoka likizo nyumbani ukapata homa, sentensi ya kwanza kabla ya salamu iwe hii: nimetoka kwenye nchi yenye malaria, tarehe fulani. Malaria ya wenyewe ilikomeshwa Marekani mwaka 1951. Wagonjwa karibu elfu mbili wanaoonekana kwa mwaka karibu wote wameitoa safarini. Kijana wa udaktari mbele yako huenda hajawahi kuona mgonjwa hata mmoja, na atakuambia ni kirusi, nenda kanywe maji. Sema kwa upole kwamba unaomba kipimo cha damu cha malaria leo, si kesho. Anza kwa kutaja safari, hata kama zimepita wiki nyingi tangu urudi.

Kuna pia kifua kikuu. Kwa kuwa tunatoka nchi zenye kifua kikuu kingi, chuo kitataka kukupima. Wakikuletea kile kipimo cha sindano ya ngozini, waonyeshe kovu la BCG na uombe kipimo cha damu, IGRA. Chanjo ya BCG inaweza kuufanya mkono uvimbe kama una maambukizi kumbe huna. Kipimo cha damu hakidanganywi na BCG. Kikionyesha maambukizi, utapigwa eksirei ya kifua. Vimelea vilivyolala si ugonjwa, havimwambukizi mwenzako wa chumba, na tiba yake siku hizi ni ya miezi mitatu au minne.

Famasi nayo si duka la dawa la mtaani. Antibayotiki huuziwi bila cheti cha daktari, hata uwe unamfahamu muuzaji kwa jina. Ukiulizia Panadol watakukodolea macho: parasetamoli huku ni asetaminofeni, na jina lake la dukani ni Tylenol. Kuwa makini, dawa nyingi za mafua zina asetaminofeni hiyohiyo ndani yake, na gramu nne kwa saa 24, vidonge vinane vya miligramu 500, ndiyo mwisho kwa mtu mzima. Unapopokea dawa ya cheti, uliza kama ipo ya jenereki, yaani dawa ileile isiyo na jina la biashara, na uliza bei bila bima. Mara nyingine ya bila bima ni ndogo kuliko kopei. Mimi mwenyewe sikuamini mpaka nilipoona.

Hatua ya 7: Bahasha

Sasa turudi kwenye nazi. Nilikuwa nimeshaingia kwenye tovuti ya hospitali kulipa kwa akiba ya kodi ya nyumba, ndipo nikakumbuka kuna dada mmoja wa Tanga tuliyekutana naye kwenye futari, anafanya kazi ya bili hospitalini. Nikampigia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Umelipa?"

"Bado."

"Usilipe. EOB imefika?"

"Ndiyo nini hiyo?"

"Barua ya bima. Imeandikwa juu kabisa kwamba hii si bili."

"Hiyo nilitupa. Nilidhani ni tangazo."

Alicheka mpaka akakohoa. "Kaiokote."

EOB ni maelezo ambayo kampuni ya bima inakutumia kila inapopokea dai: hospitali imeandika kiasi gani, bei ya mapatano ni ipi, bima imelipa nini, na sehemu yako ni ngapi. Bili ya hospitali ikifika, iweke kando ya EOB. Kama ule mstari wa sehemu yako haulingani na wanachodai, hulipi, unapiga simu. Kama EOB haijafika kabisa, hulipi, unapiga simu: huenda hospitali haijapeleka dai, au imekosea herufi moja ya jina lako. Sisi wenye majina matatu yanayogeuzwa mbele nyuma tunaipata sana hii. Omba pia bili yenye mchanganuo, mstari kwa mstari. Andika tarehe, saa, jina la aliyekupokea na nambari ya kumbukumbu ya simu.

Ya kwangu niliitoa kwenye pipa la karatasi, na bahati nzuri halikuwa limemwagwa. Ndani yake kulikuwa na karatasi ya pili. Kumbe bima ikiona dai la jeraha husimamisha malipo mpaka ujibu: umeumia kazini? Kwenye gari? Una bima nyingine ambayo ingepaswa kulipa kwanza? Sikujibu, kwa hiyo dai likakataliwa, na hospitali ikanigeukia mimi kwa bei ya ukutani.

Ukikataliwa, hujafika mwisho. Kwa bima zinazofuata sheria ya 2010 una siku 180 tangu upate barua ya kukataliwa kukata rufaa kwa kampuni yenyewe, na wakishikilia msimamo unaweza kudai mtu wa nje alitazame shauri. Na kama bili ni halali lakini humudu, uliza sera ya msaada wa kifedha ya hospitali. Hospitali zisizo za kibiashara, ambazo ni nyingi, zinatakiwa kisheria kuwa nayo, na zinakupa siku 240 tangu bili ya kwanza kupeleka maombi. Usiiweke kwenye kadi ya mkopo kabla ya kuuliza. Ukishaiweka, deni si la hospitali tena, ni la benki, na benki inatoza riba.

Nilijaza ile fomu jioni hiyohiyo. Si kazini, si kwenye gari, sina bima nyingine. Kwenye nafasi ya kueleza ajali ilitokeaje nikaandika kwamba nilikuwa navunja nazi jikoni. Wiki tano baadaye ikaja EOB mpya: dola 150 za kiingilio cha ER na dola 61 za daktari. Nikapiga simu hospitalini kuomba nilipe zile 150 kwa awamu tatu. Karani alikubali bila kuniuliza chochote, ila kabla ya kukata akataka kujua, kwani nazi huku haziuzwi kwenye kopo?